Malazi ya Wachukuzi

Kazi ya mkono huonekana na husifiwa. Mapumziko ya mkono huo hayaonekani, na kwa hiyo husahauliwa. Watu hulipima shamba kwa mavuno yake, na chombo kwa shehena yake, na barabara kwa wingi wa magari yapitayo juu yake. Ni wachache wapimao mji kwa mahali unapowalaza watumishi wake. Walakini kipimo hiki si kibaya. Mtu aliyelala huamka na akili yake yote. Aliyenyimwa usingizi huamka na nusu yake. Nusu ya akili, ikikabidhiwa gari la tani nyingi katika mteremko wa Kitonga, ni hatari kwa mwenye gari, kwa mwenye mali, na kwa mtoto avukaye barabara kwenda shuleni.

Habari hii ni ya madereva wa malori katika jiji la Dar es Salaam, hasa Kariakoo na mitaa inayoizunguka. Wanachokosa ni kitu kidogo kwa kukisema na kikubwa kwa kukipata: urefu wa lori na upana wake, penye usalama, kwa usiku mmoja.

Jina lenyewe la Kariakoo ni jina la wachukuzi. Mwezi wa Septemba 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia Dar es Salaam, na watu waliochukua mizigo ya majeshi hayo, walioitwa Carrier Corps, walipewa kambi mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamekwisha kujenga banda la soko kabla ya vita. Ulimi wa wenyeji ulilipokea jina lile gumu, ukalilainisha, likawa Kariakoo. Nairobi nayo ina Kariokor yake, ndugu wa tumbo moja, mtoto wa vita ile ile. Wachukuzi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa na risasi, bali na maradhi, njaa na uchovu. Vita ilipokwisha, sanamu ya shaba ilisimamishwa mwaka 1927 mahali ambapo leo Barabara ya Samora hukutana na Mtaa wa Azikiwe. Sanamu hiyo ni ya askari, na singe yake imeelekea bandarini. Mchukuzi hana sanamu. Ametajwa katika maandishi yaliyo chini ya miguu ya askari. Mmoja alipewa shaba, wa pili akapewa jina la mtaa. Hata hivyo mchukuzi wa zamani alikuwa na kambi ya kulala katika mtaa huo, na mchukuzi wa leo hana.

Kabla ya hao walikuwako wengine. Wapagazi wa bara, Wanyamwezi wakiwa mbele, walishuka pwani kwa miguu mpaka Bagamoyo, pembe za ndovu mabegani. Umaarufu wao ulizaa methali isemayo kwamba mzigo mzito mpe Mnyamwezi, na kabila lao limepewa mtaa Kariakoo. Biashara ile haikuwa na huruma. Iliuza pembe na iliuza watu. Lakini hata biashara isiyokuwa na huruma ilijua kwamba mbebaji asiyelala habebi. Bagamoyo lipo mpaka leo jengo la misafara, lenye ua katikati, na jina lake ni lile lile lililotumika Uajemi na Uturuki kwa nyumba za namna hiyo. Katika nchi hizo masultani na matajiri walijenga nyumba za wasafiri njiani, mara nyingi kwa umbali wa mwendo wa siku moja kutoka nyumba hadi nyumba. Mlango mmoja mkubwa ukifungwa usiku, ngamia, bidhaa na watu walilala ndani pamoja. Waliojenga nyumba hizo hawakuwa wote watu wema. Walikuwa watu wenye hesabu. Walifahamu kwamba mali iliyo njiani na mtu aliye nayo ni kitu kimoja, na kwamba mmoja hawezi kulindwa ikiwa wa pili ametupwa.

Lori lilirithi kazi ya mpagazi, lakini halikurithi malazi yake. Utawala wa walowezi wa Rhodesia ulipojitangazia uhuru mwezi wa Novemba 1965, Zambia ilifungiwa njia ya kusini, na madereva wakapeleka mafuta kutoka Dar es Salaam kwa barabara ambayo sehemu kubwa yake ilikuwa vumbi wakati wa jua na utelezi wakati wa mvua. Bomba la mafuta lilifunguliwa mwaka 1968, barabara ikatiwa lami, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Ingedhaniwa kwamba lori lingepumzika. Halikupumzika. Bandari ya Dar es Salaam imeendelea kuhudumia Zambia, Kongo, Malawi, Rwanda, Burundi na Uganda, na sehemu kubwa ya mizigo hiyo hutoka mjini kwa magurudumu ya mpira.

Barabara hiyo ilijitafutia malazi yenyewe. Chalinze, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Makambako na Tunduma ni miji iliyonenepa kwa usingizi wa madereva. Palipo na nafasi ya kuegesha gari, mama mmoja huteleka chai. Palipo na chai, kijana huleta jeki na viraka vya mipira. Palipo na fundi, mtu hujenga nyumba ya wageni. Na baada ya miaka michache pana mji. Kwa hiyo dereva ni mgeni anayejulikana njia nzima. Hupokewa kwa jina porini, na hupoteza jina lake anapofika katika jiji ambalo ndilo mwisho wa safari yake.

Mchukue, msomaji, dereva mmoja kuwa mfano wa wengi. Ni mtu wa makamo, amepakia maharage Makambako. Ametelemka Kitonga polepole akiitegemea injini kuliko breki, amepita mbuga ya Mikumi akiwachelea wanyama, na amefika Kimara saa kumi alasiri. Hawezi kwenda moja kwa moja kwa mwenye mzigo, maana mitaa ya Kariakoo mchana ina watu kuliko ina ardhi. Bodaboda, mikokoteni, meza za wachuuzi na magari madogo vimeijaza mpaka ukutani. Anaambiwa kwa simu angoje usiku. Wapi? Simu haisemi. Anasimama kando ya barabara kuu, anafukuzwa. Anasogea mbele, anatozwa. Anazunguka, na dizeli inayoungua katika mzunguko huo haina mwenyewe ila yeye, kwa kuwa tajiri wake humpimia mafuta ya safari, hampimii mafuta ya kutafuta pa kusimama.

Saa nne ya usiku anaingia. Makuli wanapakua mpaka saa nane. Mzigo wa kurudi nao, vyombo vya plastiki na mabati, hautakuwa tayari ila kesho jioni. Lori ni tupu, mtu amechoka, na usiku bado una saa nne. Utingo anashuka kwenda kumwomba mlinzi wa duka moja ruhusa ya kusimama mbele ya mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hapa usilale. Mwenye duka hufungua saa kumi na mbili."

"Tutaondoka kabla ya adhana, mzee."

"Hivyo ndivyo alivyosema wa jana, na gari lake likakataa kuwaka."

Mzee anacheka, lakini hakatai tena. Kuna pesa ya chai inayopita kutoka mkono hadi mkono bila ya kutajwa. Dereva analala juu ya kiti, miguu mlangoni. Utingo anapanda nyuma na kujifunika turubai, maana mtu akilala juu ya gari, mwizi hufikiri mara mbili. Usingizi wa namna hii ni usingizi wa jicho moja. La pili huhesabu mipira, betri, taa, vioo vya pembeni, na mfuniko wa tangi la mafuta. Vyoo vya kulipia vimefungwa. Maji hayapo. Alfajiri msikiti wa jirani unapofunguliwa, dereva huyu, ambaye ni Mkristo, hunawa uso kwenye mabomba ya udhu, na mlinda msikiti hamwulizi dini, maana uso wenye vumbi una haki ya maji. Kisha gari huwaka, na siku nzima ya kuzunguka huanza upya. Jioni watapakia, usiku wa pili watashika njia. Atakapoukabili mlima wa Kitonga, safari hii kwa kupanda, atakuwa amelala saa chache kwa siku mbili. Likitokea la kutokea, gazeti litaandika kwamba chanzo ni uzembe wa dereva. Gazeti halitasema uongo. Litakuwa limeanza kusoma kitabu katika ukurasa wa mwisho.

Haki ina mizani miwili, na ni wajibu kuutazama wa pili. Mwenyeji wa Kariakoo au Gerezani ana malalamiko ya kweli. Lori lililosimama usiku huziba mlango wake, huvunja mfuniko wa mtaro wake, humwaga oili penye mchezo wa watoto wake, na injini yake hunguruma dirishani kwake kabla ya mapambazuko. Asipopata choo, dereva hutumia ukuta, na ukuta ni wa mtu. Mtaa uliopata kuona soko lake likiungua, kama Kariakoo ilivyoona mwezi wa Julai 2021, hauwezi kuidharau thamani ya njia iliyo wazi. Tena yako magari ambayo hayafai kulala karibu na watu hata kwa saa moja. Mwezi wa Agosti 2019, Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu mia moja wakafa. Anayetaka malori yatoke mbele ya nyumba yake haombi upendeleo. Lakini neno "ondoka" ni nusu ya amri. Nusu yake ya pili ni "nenda pale", na nusu hiyo ndiyo ikosekanayo. Mlinzi, mtoza ushuru na mwenye nyumba wote humwondoa dereva, hakuna amwelekezaye.

Sababu ya kukosa nafasi si siri. Kariakoo ilipimwa kwa nyumba za chini, za vyumba sita na ukumbi katikati na ua nyuma, kwa watu waendao kwa miguu. Tangu biashara ilipofunguliwa milango katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita, nyumba zile zimebomolewa moja moja na maghorofa yamesimama juu ya misingi yake, duka chini, stoo juu, duka tena juu ya stoo. Mtaa uliotosha punda na baiskeli sasa hupokea bidhaa za nchi nzima na za nchi jirani, na upana wake ni ule ule. Kiwanja kilichokuwa wazi, ambacho zamani gari lingeegeshwa, leo kina bei ambayo maegesho hayawezi kuilipa. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016 na ambayo njia yake moja hupita Msimbazi mpaka Gerezani, yalitwaa nayo sehemu ya barabara, na yalifanya hivyo kwa manufaa ya wengi. Kila jambo kati ya hayo lina hoja yake. Yakijumlishwa pamoja, yamemfuta mtu mmoja katika ramani bila ya yeyote kukusudia kumfuta.

Kwamba jambo hili laweza kufanywa, abiria ni shahidi. Kituo cha mabasi ya mikoani kilipozidiwa Kisutu, kilihamishiwa Ubungo. Ubungo ilipozidiwa, kikajengwa kipya Mbezi, kikafunguliwa mwaka 2021, chenye majengo, vyoo, maduka na mahali pa kungojea. Kila abiria walipozidi, serikali ilikiri kwamba wingi wao ni kazi yake. Mzigo haukupata kutazamwa hivyo. Yamkini sababu ni kwamba abiria hupiga kura, hulalamika na huonekana, lakini gunia la maharage halilalamiki, na mtu alipelekaye hudhaniwa kuwa sehemu ya gunia.

Nchi nyingine zimejifunza kwa gharama. Mwaka 2009, katika jimbo la South Carolina huko Marekani, dereva mmoja alifika mapema na shehena ya maziwa, hakuweza kuingia alipokuwa akipeleka, akaegesha usiku katika kituo cha mafuta kilichoachwa. Aliuawa hapo kwa ajili ya dola 7. Mkewe hakukubali kwamba kisa kile kilikuwa bahati mbaya tu, na mwaka 2012 Bunge la Marekani lilipitisha kifungu cha sheria kilichoitwa kwa jina la kwanza la marehemu, Jason, ili fedha za barabara zitumike pia kwa maegesho ya malori. Katika Umoja wa Ulaya dereva wa lori hana budi kupumzika dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, na kulala kwake kwa siku kumewekewa saa. Hata huko nafasi hazitoshi, na madereva husinzia kando ya barabara kuu. Lakini sheria ikisema "lala", hujilazimisha kuuliza "wapi", na swali hilo ni mwanzo wa kujenga.

Dar es Salaam nayo haikukaa kimya kabisa. Bandari kavu ya Kwala mkoani Pwani ilizinduliwa mwezi wa Julai 2025, ili makontena ya nchi jirani yachukuliwe nje ya jiji na malori mengi yasiingie mjini. Hilo ni jema, na likitimia litapunguza foleni za Kurasini na Barabara ya Mandela. Halitaigusa Kariakoo kwa kadiri hiyo. Kontena la Lubumbashi laweza kungoja Kwala; maharage ya Makambako hayawezi, wala vitunguu vya Mang'ola, wala mchele wa Kyela, maana mlaji wao yuko mjini. Na mwanzoni mwa mwaka 2025 ilizinduliwa pia biashara ya saa 24 katika Kariakoo. Soko lisilolala huhitaji, kuliko soko lolote, mahali pa kulala wale walilishao.

Mahitaji yenyewe si makubwa. Uwanja wenye uzio na taa. Mabomba ya maji. Vyoo na bafu. Mama lishe mmoja au wawili. Mlinzi mwenye daftari. Viwanja viwili au vitatu vya namna hiyo katika njia za kuingilia, si mbali mno na soko. Na ndani ya Kariakoo, nafasi chache zilizopigwa chokaa, za kupakulia kwa saa maalumu usiku, zinazoandikishwa mapema kwa simu ile ile ambayo leo husema "ngoja" bila ya kusema wapi. Lori lilale uwanjani mpaka zamu yake ifike, liingie, lipakuliwe, litoke. Mwenye nyumba apate mlango wake, na dereva apate kitanda chake.

Linabaki swali la mlipaji, na hapa ndipo mashauri mengi mazuri huvunjika. Aghalabu husemwa kwamba madereva wenyewe hawataki viwanja. Vingine vipo, nao hulala barabarani. Ni kweli, na sababu yake yafaa kusikilizwa. Dereva hupewa posho ya njiani, na posho hiyo ndiyo apelekayo nyumbani. Akilipa maegesho, amekata unga wa watoto wake. Akilala mtaani, ameuokoa. Kwa hiyo hukaa akiuza usingizi wake kila usiku kwa bei ndogo, na wanunuzi wake ni mwenye lori, mwenye mzigo, na kila mtu alaye maharage Dar es Salaam. Kiwanja kitakachomtoza yeye kitabaki kitupu hata kikijengwa kwa marumaru. Gharama ya malazi ni sehemu ya gharama ya mzigo, kama dizeli, kama ushuru wa mazao, kama ujira wa makuli. Ikiandikwa katika hati ya mzigo na ikigawanywa kwa magunia yote ya lori zima, haitaonekana katika kibaba cha mnunuzi. Ikiachwa juu ya mtu mmoja, itaonekana siku moja barabarani, na siku hiyo hakuna atakayeweza kuigawanya.

Mji mkubwa hauombwi kumpenda kila aingiaye. Huombwa kukiri deni lake. Kariakoo hula kila siku kilichochukuliwa na watu wasiokuwa wa Kariakoo. Huvaa, hujenga na hutajirika kwa mabega yao. Wale wa kwanza hawakulipwa ila jina, na wengi wao hawakuishi kulisikia. Wa leo wako hai, na deni lao lalipika kwa kiwanja, bomba la maji na taa.